Muhogo wa Nazi: Upikwe Ukawa Laini na Salama kwa Familia

Wakazi wa Ndera na vijiji vingine vya kando ya Mto Tana wanaujua muhogo kama chakula kisichomtupa mwenyewe. Mahindi yakikauka shambani kwa kukosa mvua, muhogo huwa bado umesimama. Hauhitaji ghala wala gunia, kwani hukaa ardhini na kung'olewa siku ya kupikwa. Ukiwekewa tui la nazi na kupangwa sahanini pembeni ya kambare wa kukaanga au mchuzi wa kunde, huwa laini na mzito kiasi kwamba hata mtoto anayeanza kula na mzee asiye na meno huumaliza bila tabu.

Hata hivyo, muhogo ni chakula chenye masharti. Ndani yake kuna kemikali inayoweza kugeuka kuwa sumu ya sianidi, na usalama wa mlaji hutegemea zaidi yanayofanyika jikoni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupika muhogo wa nazi nyumbani hatua kwa hatua, na sababu ya kila hatua, ili chakula kiwe kitamu na kisimdhuru yeyote.

Sumu iliyo ndani ya muhogo

Mmea wa muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Wareno waliuleta Afrika kuanzia karne ya 16, na baadaye ukaenea pwani ya Afrika Mashariki hadi ukawa kama wa kwetu. Kwa asili mmea huu hujilinda dhidi ya wadudu na wanyama kwa kutumia kemikali iitwayo linamarini, iliyomo kwenye majani, maganda na nyama ya mzizi. Muhogo ukiwa mzima, linamarini hukaa kimya. Ukikatwa, ukitafunwa au ukikunwa, hukutana na kimeng'enya kilichomo humo humo ndani ya mmea na kutoa sianidi.

Mihogo yote ina kemikali hii, ila kwa viwango tofauti. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya chakula, muhogo mtamu ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo moja ya mzizi mbichi. Muhogo mchungu huzidi hapo, wakati mwingine mara nyingi zaidi. Mzizi mtamu ukimenywa na kuchemshwa vizuri hauna neno. Mzizi mchungu haufai kuchemshwa tu na kuliwa. Unahitaji kulowekwa kwa siku kadhaa, kuchachushwa, kukaushwa na kusagwa kwa njia maalumu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukame huongeza sumu. Mmea ukikosa maji, kiwango cha kemikali hiyo hupanda, hata katika aina ambazo miaka yote zimekuwa tamu. Kwa kaunti kama Tana River, ambako misimu ya mvua hukosekana mara kwa mara, hili si jambo dogo. Shamba lililolisha familia bila tatizo mwaka wa mvua linaweza kutoa mizizi yenye sumu zaidi mwaka wa njaa. Na ni mwaka huo huo wa njaa ambapo watu hula muhogo kwa wingi, hupika kwa haraka, na huwa hawana kitoweo cha kuandamana nao.

Mifano iko. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla baada ya kuishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na mtu akishaupata miguu hairudi kama ilivyokuwa. Karibu zaidi na nyumbani, Septemba 2017 katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula ugali wa unga wa muhogo uliokuwa na sianidi nyingi. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika matangani.

Mifano hii haina maana kwamba muhogo uachwe. Mamilioni ya watu Afrika huula kila siku bila madhara, na wakazi wa pwani wameula kwa vizazi. Inachoonyesha ni kwamba hatua za matayarisho zilizopokewa kutoka kwa mama na bibi zina sababu, na kuziruka kunaweza kugharimu.

Vitu vinavyohitajika

Kwa familia ya watu 6, muhogo ukiwa chakula cha pembeni, tayarisha:

- Mihogo mitamu kilo moja na nusu kabla ya kumenywa
- Nazi kubwa 2 zilizokomaa
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Vitunguu saumu punje 3
- Pilipili mbichi 1 au 2
- Bizari ya manjano nusu kijiko cha chai
- Chumvi kwa kiasi
- Ndimu 1 na majani machache ya dania
- Maji safi yaliyochemshwa na kupoa kiasi, ya kukamulia tui

Hatua ya 1: Chagua muhogo

Muhogo bora ni ule uliong'olewa siku hiyo hiyo au jana yake. Mzizi ukishatoka ardhini huanza kuharibika ndani ya siku moja hadi tatu. Anayenunua sokoni Garsen au Hola amwombe muuzaji avunje ncha ya mzizi. Nyama ya ndani inapaswa kuwa nyeupe au ya rangi ya krimu, yenye maji. Mistari ya buluu au nyeusi ni dalili kwamba muhogo umekaa. Madoa ya kahawia yaliyo makavu kama kizibo ni dalili ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 1936 na hadi leo unawatesa wakulima wa pwani. Sehemu yenye madoa hayo haifai kuliwa. Ikatwe yote na kutupwa.

Muulize muuzaji au jirani aliyekupa ni aina gani. Pwani ya Kenya aina ya Kibandameno inapendwa kwa ladha yake, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, kilicho chini ya shirika la KALRO, kimetoa aina kama Tajirika, Karembo na Shibe. Muhogo usiojulikana ulikotoka, au uliojiotea wenyewe kando ya shamba, usipikwe kwa njia hii.

Wapo wanaoupima muhogo kwa kuutafuna mbichi. Uchungu ni onyo la kweli, lakini kukosekana kwa uchungu si cheti cha usalama. Watoto hasa wakatazwe kutafuna muhogo mbichi wakiwa shambani au njiani kutoka shule. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kiasi kisichomsumbua mtu mzima kinaweza kumlaza yeye.

Hatua ya 2: Menya, kata, loweka

Maganda ya muhogo ni mawili: la nje jembamba la kahawia, na la ndani nene lenye rangi nyeupe au ya waridi. Sumu nyingi imo kwenye ganda. Pitisha kisu kwa urefu wa mzizi, ingiza ncha chini ya ganda nene na uligeuze mpaka libanduke lote. Kukwangua ganda la nje peke yake hakutoshi.

Pasua mzizi katikati na utoe ule uzi mgumu wa ndani. Kisha kata vipande vidogo vya ukubwa wa vidole viwili. Vipande vikubwa huhifadhi sumu katikati. Vidogo huiachia maji kwa urahisi na pia huiva pamoja.

Osha, kisha loweka katika maji mengi. Aliye na nafasi aloweke kuanzia jioni hadi asubuhi na kumwaga maji hayo. Asiye na nafasi aloweke kwa muda anaoupata, lakini asiruke hatua inayofuata kwa namna yoyote.

Hatua ya 3: Chemsha kwanza, mwaga maji

Hapa ndipo penye kosa linalofanywa na wengi. Ili kuokoa kuni na muda, vipande vibichi hutiwa moja kwa moja kwenye tui jepesi na kupikwa humo hadi viive. Chakula huonekana kizuri, lakini kemikali iliyotoka kwenye muhogo imebaki kwenye mchuzi, na mchuzi wenyewe ndio unaoliwa.

Njia salama ni kuchemsha kwanza kwa maji matupu. Weka vipande kwenye sufuria kubwa, tia maji yavifunike na kupita juu yake, na uchemshe bila kifuniko. Sianidi ni nyepesi sana na hutoka pamoja na mvuke. Kifuniko huirudisha ndani. Endelea kwa dakika 20 hadi 30, mpaka kisu kipite bila kukwama na vipande vianze kupasuka kingo. Mwaga maji yote. Yasitumiwe kwa mchuzi, wala uji, wala kunyweshewa mifugo.

Hatua hii ina faida ya upishi pia. Muhogo hulainika vizuri zaidi kwenye maji matupu kuliko kwenye mchuzi wenye nyanya au ndimu, kwa kuwa vitu vichachu huchelewesha kulainika. Atakayehofia kwamba uzito wa mchuzi utamwagwa na maji asiwe na shaka. Wanga uliobaki kwenye muhogo unatosha kabisa.

Kipande kilichoiva kionjwe. Kikiwa kichungu, sufuria yote imwagwe, hata kama inauma.

Hatua ya 4: Kamua tui

Kuna nazi kwa mbuzi. Tia vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, fikicha vizuri kwa mkono na uchuje kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, liweke kando. Rudishia machicha vikombe vitatu vya maji, kamua tena, upate tui jepesi.

Maji ya kukamulia ni lazima yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Tui zito huingia mwishoni na halichemki kwa nguvu wala kwa muda mrefu, hivyo moto wake hautegemewi kuua vijidudu. Tahadhari hii ina uzito zaidi baada ya mafuriko, kama yale ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024, ambapo mto huvunja kingo na maji ya vyoo huchanganyika na maji ya visima. Kuhara na kipindupindu hupita hapo. Mikono ya mkamuaji nayo ioshwe kwa sabuni.

Hatua ya 5: Pika hadi mchuzi uwe mzito

Panga muhogo uliochujwa kwenye sufuria pana. Tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwakatwa, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili iliyopasuliwa, bizari na chumvi. Pika kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 15, mpaka tui lipungue karibu nusu.

Ponda vipande vitatu au vinne kwa mgongo wa mwiko na uvichanganye na mchuzi. Hivyo ndivyo mchuzi unavyopata uzito bila kuongezwa unga.

Sasa punguza moto. Anayetumia kuni atoe mbili tatu. Anayetumia makaa ayatawanye. Mimina tui zito na ukoroge polepole bila kuacha. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika: mafuta huelea juu, maji hubaki chini, na mchuzi huonekana kama maziwa yaliyoharibika. Subiri dakika chache hadi uone vipovu vidogo pembeni mwa sufuria na mchuzi ushike mwiko, kisha epua. Nyunyiza dania. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake.

Badala ya nazi au muhogo

Nazi zikiwa haba au bei yake ikiwa juu, maziwa ya ng'ombe yanafaa, na kwa familia za wafugaji huenda ndiyo yaliyo karibu zaidi. Maziwa yachemshwe kwanza peke yake, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela. Chukua vikombe vitatu vya maziwa yaliyochemshwa na kijiko kimoja cha samli, ufuate hatua ya 5 kwa kutia maziwa yote mahali pa tui. Usitie nyanya wala ndimu motoni, yataganda.

Viazi vitamu navyo hupikwa kwa njia hii hii, tena kwa kazi ndogo, kwani havina sumu ya sianidi kama muhogo na havihitaji kulowekwa. Vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina faida ya ziada, kwa kuwa hujenga vitamini A inayolinda macho na kinga ya watoto. Mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Yeye na wenzake wawili walitambuliwa kwa kazi yao ya kuviendeleza viazi hivyo Afrika. Vitamini hiyo huhitaji mafuta ili iingie mwilini, na tui la nazi huyatoa.

Wakati wa Ramadhani, muhogo na viazi vitamu vya nazi hupikwa kwa wingi kwa ajili ya futari. Kwa kuwa tumbo huwa tupu kutwa nzima, tahadhari za hapo juu zizingatiwe vivyo hivyo siku hizo.

Kwa nini muhogo ukae pembeni ya kitoweo

Gramu 100 za muhogo mbichi zina takriban kalori 160 na gramu 38 za wanga, lakini protini haifiki gramu 2. Hushibisha na kutia nguvu, ila haujengi mwili wa mtoto. Kuna jambo jingine: mwili wenyewe una njia ya kuondoa kiasi kidogo cha sianidi, na kwa kazi hiyo hutumia salfa inayopatikana kwenye protini. Ndiyo maana waathiriwa wakubwa huwa watu wanaokula muhogo mtupu siku baada ya siku. Samaki wa mtoni, mayai, maziwa, kunde au pojo vikiwepo kwenye sahani, muhogo unakuwa mahali pake panapofaa.

Majani ya muhogo, yaani kisamvu, ni mboga nzuri yenye protini, lakini nayo yana sumu. Yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutiwa nazi.

Chakula kikibaki

Katika joto la Garsen na Ndera, tui halilali. Muhogo wa nazi uliwe siku ile ile ulipopikwa. Ukibaki wa mchana, uhifadhiwe mahali pa baridi ukiwa umefunikwa na kupashwa moto vizuri jioni. Ukinuka uchachu au ukiwa na utelezi, umwagwe. Ni afadhali kupika kidogo na kung'oa tena kesho. Muhogo unasubiri shambani. Isipokuwa maji ya mto yakitangazwa kupanda, mizizi iliyokomaa kwenye mashamba ya bondeni ing'olewe mapema, maana udongo ukijaa maji kwa siku kadhaa huoza.

Dalili za hatari

Mtu aliyekula muhogo akipata kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, maumivu ya tumbo, udhaifu wa ghafla au kupumua kwa kasi ndani ya saa chache, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asisubiri kupewa maziwa au dawa ya kienyeji nyumbani. Mhudumu wa afya aelezwe ni muhogo gani ulioliwa na uliandaliwaje, na mabaki ya chakula yahifadhiwe mbali na watoto ili yakaguliwe. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mambo matano ya kukumbuka

1. Toa maganda yote mawili na uzi wa katikati.
2. Kata vipande vidogo, loweka, na umwage maji.
3. Chemsha bila kifuniko kwa maji matupu, umwage maji, ndipo utie tui.
4. Kamua nazi kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.
5. Kula muhogo pamoja na samaki, kunde, mayai au maziwa, na uongeze tahadhari mwaka wa ukame.

Wakulima wanaotaka mbegu za aina tamu zinazostahimili magonjwa wawaone maafisa wa kilimo wa wadi zao kabla ya mvua za upanzi. Wenye maswali kuhusu lishe ya watoto wawaone wahudumu wa afya ya jamii katika vijiji vyao.